Mkwaruzo Kwenye Lenzi

Jumatatu, 3 Novemba

Maabara tangu saa moja asubuhi. Ufunguo ulikuwa msumarini, mahali Mzee Nyaga huniachia siku zote. Yeye ndiye fundi wa hadubini, na Jumatatu huchelewa kidogo kwa sababu anatoka kwao Embu.

Vioo vitatu vyenye vipande vya jani la kahawa. Kioo cha pili kimenipa picha safi kuliko zote tangu nianze shahada hii ya fizikia. Chembe za rangi zinawaka na kuzima moja moja, kompyuta inaweka nukta kila inapoona mwanga, na polepole ukuta wa seli unajichora. Nilicheka peke yangu.

Cha tatu nilikiharakisha. Vioo vyangu huviziba ukingoni kwa rangi ya kucha, na hii ilikuwa haijakauka. Ikagusa lenzi. Nikapangusa kwa kitambaa changu cha kichwani, kilichokuwa mkobani. Jina sikuandika kwenye daftari la hadubini, ambamo kila anayeitumia hujiandikisha. Nitaandika kesho.

Jumanne, 4 Novemba

Picha zina ukungu. Kila nukta ina pacha wake. Nimebadilisha mafuta ya lenzi, nimepanga leza upya. Wapi.

Halafu nikakumbuka. Kitambaa kile nilikivaa Jumamosi kule kwetu Githongo nikimsaidia mama kuchuma kahawa, nikakipangusia mikono pia. Nimekikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Udongo mwekundu, mkavu, wenye chenga. Nimesugua lenzi kwa udongo wa shamba. Na ya aina ile tunayo moja tu.

Mzee alinifundisha mwenyewe: karatasi laini, tone la spiriti, unapangusa mara moja kuelekea upande mmoja. Karatasi zimo kwenye mkebe wa majani chai, kando ya hadubini. Sikunyoosha hata mkono.

Alhamisi, 6 Novemba

Daktari Kinoti, msimamizi wangu, ameuona mkwaruzo. Alituita sote. Akauliza, "Nani husafisha hizi lenzi?"

"Ni mimi, Daktari," Mzee Nyaga akasema.

Mimi nilikuwa nikiangalia viatu vyangu. Mwoga.

Jumatatu, 10 Novemba

Kandarasi ya Mzee inaisha mwezi huu. Karani wa idara ameniambia haitaongezwa. "Si ni ile maneno ya lenzi," akasema, kisha akaendelea kupiga mihuri.

Nimekutana na Mzee kwenye ngazi. Ameniuliza kama mama amemaliza kuchuma. Nimesema bado kidogo. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 11 Novemba

Ijumaa nawasilisha kazi yangu mbele ya idara. Nikisema, Daktari atanitoa kwenye hadubini na tasnifu itakwama. Nikinyamaza, Mzee atarudi Embu bila kazi, miaka mitatu kabla ya kustaafu. Nimeandika sentensi hizi mbili ili nione kama zina uzito sawa.

Hazina. Na bado nimenyamaza.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilifika mapema kuchukua picha zangu. Daftari la hadubini lilikuwa wazi mezani, nikalifunua nyuma hadi tarehe tatu. Kumbe mstari upo. Mwandiko ni wa Mzee: tarehe, saa moja asubuhi. Pa jina pako wazi. Kwenye maelezo ameandika, "Rangi ya kucha kwenye lenzi."

Anayetumia rangi ya kucha pale ni mimi peke yangu. Alijua tangu siku ile ile.

Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hadi kitambaa. Akauliza, "Mbona umengoja karibu wiki mbili?" Nilikuwa naogopa, basi.

Sikuwasilisha. Hadubini sitaigusa hadi Aprili. Daktari ameahidi kumwandikia mkuu wa idara leo hii. Nimelia chooni, na sijui kama nilimlilia Mzee au nilijililia mwenyewe.

Jumatatu, 24 Novemba

Barua imetoka. Mzee anabaki.

Nilimkuta akinywa chai na nduma za kuchemsha. Nikamwomba msamaha. Alitafuna hadi akamaliza.

"Bibi yangu, mama watoto, alikuwa ananiambia kila siku, enda useme ni nani," akasema. "Nikamwambia huyu msichana atasema mwenyewe. Kawira, ulinichelewesha sana."

Akanisogezea daftari na kalamu. Nikaandika jina langu pale palipokuwa wazi. Chini ya maelezo yake nikaongeza: na kitambaa cha kichwani. Akasoma, akafunika daftari, akarudi kwa chai yake.

Nilipotoka niliangalia mlangoni. Msumari uko, ufunguo hauko. Siku hizi anatembea nao mfukoni.