Zile Tembe Ulizoniomba

Kayole, Jumamosi jioni

Dada yangu Rasoa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na watoto na ng'ombe pia, kwa maana najua usipoulizwa habari ya ng'ombe unaona hujasalimiwa. Sisi huku tupo. Matope yamefika mlangoni lakini mboga zinauzika, na Timotheo wangu amepata kibarua kwenye kiwanda cha sabuni. Mgongo wangu umepona. Ni wako unaonisumbua moyo.

Juzi ulipokata simu nilijua si mtandao. Uliniomba nikutumie kwa basi zile tembe ulizosikia zimeniponya, nikasema hapana, ukaona mdogo wako ameingia mjini akawa mchoyo. Hukuningoja nieleze. Kwa hivyo nimekaa chini kuandika, na jirani yangu anayekuja matangani huko atakuletea.

Unakumbuka nilivyokwama mgongo nikiinua gunia la kabichi. Pale kliniki waliniuliza kama nitakubali kuingia kwenye jaribio. Kuna dawa kali ya maumivu, ya ukoo wa afyuni, na walitaka kujua kama kweli inasaidia mgongo kama wangu. Wengine wanapewa hiyo dawa, wengine tembe zinazofanana nayo kabisa lakini ndani hamna kitu. Nani ana ipi, hata muuguzi hajui. Nilikubali. Kisha nikafunga na kumwomba Mungu anipe ile ya kweli.

Tulikuwa pamoja na Baba Ayubu, fundi wa vitanda kutoka Mowlem, mzee mchokozi sana. Nilipomwambia nimefunga, akasema Mungu ana shughuli nyingi, zangu ni chaki tu. Nami nikamwambia zake ni unga wa muhogo. Muuguzi akimuuliza habari ya maumivu, anajibu nzuri, tunamshukuru Mungu, huku ameshikilia ukuta. Mpaka siku moja muuguzi akaweka kalamu chini.

"Baba, Mungu anajua tayari. Mimi ndiye sijui."

Tulicheka wote, lakini tangu hapo alisema ukweli, nami pia.

Tukapona polepole, yeye na mimi. Nilikuwa namhurumia kimoyomoyo, kwa sababu mimi nilikuwa na kizunguzungu, kichefuchefu, na choo kimekataa kabisa, nikajua basi dawa ndiyo hii. Na ni kweli. Jaribio lilipokwisha walituita wakatuambia. Mimi nilipewa dawa kali, Baba Ayubu alikuwa akimeza tembe tupu. Na waliopewa dawa hawakuwashinda wenzao kwa kupona hata kidogo. Mzee akanigeukia.

"Basi ombi lako lilijibiwa, Mama Timo. Pole."

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Rasoa, hili nimemwambia daktari tu, na sasa wewe. Nilipoacha zile tembe mgongo ulikuwa mzima, lakini mwili bado ulizitaka. Nilikuwa kibandani nikiwafokea wateja, jasho linanitoka, nikiiwaza tembe jinsi mtu anavyowaza chai asubuhi. Daktari akasema ndivyo zinavyoanza kumshika mtu, akanishika mkono mpaka hamu hiyo ikapita. Navijua vichochoro zinakouzwa hapa Kayole. Ningeweza kukununulia. Ndiyo sababu niliogopa nikasema hapana haraka, bila hata kukuambia pole.

Pole, dada. Najua unaumwa kweli. Nenda dispensari wakuangalie. Sisi sote, wa dawa na wa tupu, tuliambiwa tusilale kitandani kutwa, tutembee kidogo kidogo, tujikande kwa maji ya moto. Nawe nasikia hujatoka kitandani tangu mlipomaliza kupalilia.

Kwa hivyo sitatuma kitu. Nakuja mwenyewe. Mwisho wa mwezi nafunga kibanda, na tutatembea mimi nawe mpaka kisimani na kurudi, ukitaka bila kunisemesha.

Msalimie shemeji, umwambie asikukataze kuinuka. Najua ni mapenzi, lakini mapenzi hayo yanakukausha. Msalimie shangazi mwenye macho mabovu, na mchungaji wetu, na binti yako mkubwa anayekusomea barua hii. Mwanangu, soma yote, hata pale mama anaposema ruka.

Neema ya Bwana ikae nanyi. Na ukitaka kunikasirikia bado, dada yangu, nikasirikie ukiwa umesimama.

Ni mimi mdogo wako,
Florah