Mkeka wa Kumulika

Nga Sơn, 3 Machi

Mwanangu Thoa,

Hujambo huko Bình Dương? Kiwanda cha viatu hakijakumaliza? Mimi sijambo, isipokuwa kinywa. Daktari amekata kinyama kwenye kaakaa, akakishonea kwenye ufizi ulioporomoka. Amenikataza kusema na kuvuta kiko, ndiyo maana hupati simu yangu. Nakunywa uji mtupu kama mtoto mchanga.

Kidonda cha kaakaani kinakataa kufunga, na siku ya kumkumbuka marehemu mama yako inakaribia. Nani atasimama mbele ya meza yake ya ubani alitaje jina lake? Mwaka mzima hatulitaji, ila siku hiyo tu.

Sasa cheka. Daktari aliniambia, "Mzee, kesho urudi, chiếu." Nikajua anaomba mkeka. Kila mkubwa akisikia unatoka Nga Sơn, si huomba mkeka? Nikabeba ule wa mwisho niliofuma na mama yako, nikampa kwa mikono miwili. Kumbe hakuwa na maana ya chiếu ya kulalia, ni chiếu ya kumulika! Wana taa ya leza, wanamulikia kidonda kipone upesi. Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Nikauchukua mkeka wangu, nikapanda basi. Sirudi ng'o.

Baba yako

Bình Dương, 9 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Pole sana na kinywa. Barua yako nimeisoma kwenye foleni ya chakula, nikacheka peke yangu, wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Halafu nikalia.

Naukumbuka mkeka huo, wenye kingo nyekundu. Mama anabamiza ubao wa kitanda cha mfumi, wewe unapenyeza nyasi, na mnagombana. "Wewe mzee, umelala?" "Nilale vipi na kelele zako?" Mimi nasinzia pembeni kwenye mabua. Siku hizi nikikosa usingizi nautamani ubao ule unibamizie.

Baba, rudi kwa daktari. Leza haiunguzi. Mwenzangu hapa alimulikwa baada ya kung'olewa jino, akapona vizuri. Aibu ya nini? Mimi nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa, siwezi kuja. Wewe ukikosa sauti, Mama ataitwa na nani?

Mwanao Thoa

Nga Sơn, 21 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi nina nafuu. Nimerudi kliniki, tena na mkeka uleule, wacheke wamalize. Muuguzi akaona haya, akautandika kwenye kiti, nikakaa juu yake kama bwana harusi. Wananivisha miwani, wananiambia, "Achama, mzee," halafu kijitaa chekundu kinamulika kaakaa. Hakina moto wala maumivu. Nikifumba macho namsikia mama yako akiniuliza kama nimelala.

Daktari anasema nyama changa imeanza kufunika kidonda. Usihangaike na ruhusa. Sauti yangu itatosha.

Baba yako

Nga Sơn, 15 Aprili

Mwanangu,

Natumaini umefika salama na basi halikukutesa. Kinywa kimepona. Daktari ameniaga, akasema nikirudi na mkeka mwingine ataununua.

Asubuhi ile ya kumkumbuka mama yako uliniona mgongo tu, kwa hiyo nikueleze. Niliwasha ubani, nikasema maneno yote vizuri. Nilipofika kwenye jina, likanikwama. Kidonda hakipo, jina halitoki. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mai Thị Nhạn," kwa sauti yake mwenyewe. Nikadhani amekuja. Nikageuka, nikakuona wewe na begi begani. Nilifurahi kuliko kama ningemwona yeye, na naomba asinisikie.

Ulichomwambia msimamizi sitaki kukijua.

Mkeka tuliouanza mimi na wewe ulipokuwa hapa bado uko kwenye kitanda cha mfumi. Umelegea kwa sababu yako, wewe ulisahau kubamiza. Bibi Lụa wa jirani amejitolea kunisaidia kuumaliza, nimemkatalia. Nyasi zitakungoja.

Siku hizi naweza kupiga simu. Lakini wewe niandikie.

Baba yako