Mwalimu na Bwana Mwamvuli

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya sita tangu Mwalimu, mke wangu, apate kiharusi. Dada wa mazoezi, yule mtaalamu wa viungo wa hospitali, kaniwekea video nne kwenye simu. Kazirekodi mwenyewe – kufinya mpira, kunyanyua mkono, kujaza mashavu pumzi, kutamka pa-pa-pa. Nzuri kweli. Kaeleza taratibu, hata mimi fundi bomba nimeelewa zote.

Mwalimu kaangalia nusu dakika, kageuzia uso ukutani.

Namwelewa mke wangu. Miaka thelathini na moja kafundisha darasa la kwanza pa-pe-pi-po-pu, leo aambiwe yeye aseme pa! Lakini mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Na neno halijatoka hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Tangi la shule lilipasuka, nimerudi nimelowa chapachapa. Nikamkuta shemeji, mdogo wake Mwalimu, kajaa kwenye kochi, anamwonyesha dada yake video za mchekeshaji mmoja, Bwana Mwamvuli. Mtu mzima, kitambi, tai shingoni, mvua inamnyeshea na mwamvuli haufunguki. Anaubembeleza. Anautisha. Anausomea mashtaka. "Funguka! Nimesema funguka!" Basi, ndiyo video yote.

Nikamwita shemeji jikoni. Nikamwambia mgonjwa anataka mafunzo, si upuuzi. Mwalimu huyu huyu alikuwa akiwanyang'anya watu simu kwa mambo kama hayo! Shemeji hakupandisha sauti. Kanijibu kwamba dada yake kafundishwa wiki sita nzima na hajacheka hata siku moja.



Halafu tukasikia sauti sebuleni. Tukakimbia. Mwalimu anacheka – upande mmoja wa mdomo, machozi yanamtoka, bega linaruka. Sauti yake ile ile. Nimerudi jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi namfunga vifungo vya blauzi, video inacheza. Mwamvuli ukagoma, na kabla jamaa hajafungua kinywa, Mwalimu kamtangulia:

"Fu-ngu-ka."

Kifungo kikaniponyoka.

Nikazima simu nikamwomba arudie. Wapi! Neno limekimbia. Nikaiwasha – likarudi. Tumeshinda hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki. Niliona haya kumweleza dada wa mazoezi. Kahangaika na video zake, sisi tumepona kwa kichekesho! Lakini kaomba aione. Kaangalia mara tatu. Ya kwanza kacheka hadi kashika mbavu. Ya pili kaisogeza simu karibu na macho. Ya tatu kachukua kalamu.

Anasema jamaa anatamka polepole, midomo inaonekana vizuri, na anarudia rudia bila kuchosha.

"Baba, huyu mtu ni mwalimu, ila mwenyewe hajijui."

Kisha katoa mwamvuli wake kabatini, kamshikisha Mwalimu mpini kwa mkono wa kulia. Wakaugombeza wote wawili dakika ishirini, wagonjwa wengine wakasogeza viti waone. Vidole vitatu vimeshika. Vitatu!

Nimemkubali yule binti. Ana elimu na hana maringo. Na yule wa kitambi naye, nimwombe radhi wapi? Yuko huko kwake analoweshwa na mvua, hajui kamnyanyua nani.

Jumatano, 12 Machi

Kazi mbili, mabomba mabovu yote. "Funguka" bila simu! Mara nne. Ya tano alikuwa ananiambia mimi, nimechelewa kufungua dirisha.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji kaja na video mpya ya Bwana Mwamvuli, safari hii anagombana na kiti cha kukunja. Mimi tayari nimeshavuta stuli. Mwalimu katikisa kichwa. Kagusa simu yangu kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka kafika kwenye masomo ya dada wa mazoezi. Pa-pa-pa. Ma-ma-ma. Kayafanya yote manne, jasho linamtoka, sisi wawili tumekaa kama wanafunzi waliokuja bila daftari. Alipomaliza ndipo kaashiria video ya kiti cha kukunja iwekwe. Kwanza kazi! Mwanamke huyu nimeishi naye miaka yote hii na bado ananishangaza.

Shemeji kaenda zake. Nimekaa mezani naandika haya, jua bado lipo. Nahisi natazamwa.

"Nini?" kauliza.

Neno jipya! Hakuna video yenye neno hilo. Nimemwambia ni hesabu za mabomba. Hakuamini, miaka thelathini na moja ya kudanganywa na watoto si mchezo. Kanyoosha mkono – wa kulia.

"Soma."

Sijawahi kumsomea mtu daftari hili. Mkono uko hewani, haushuki. Na mimi naandika tu ili nisianze. Nianzie ukurasa gani –