Watani Wameacha Matusi

Jumatatu, 8 Juni 1992

Mchele nimepepeta, gunia la kuuzia nimetandika mapema hapa Makanyagio. Shemeji Deusi, fundi baiskeli, mdogo wa marehemu mume wangu, kaja na lake lilelile: "Mchawi wewe, bado hujafa?" Nikamjibu: "Nife vipi, na sanda yako sijanunua?" Tumecheka. Bila hilo siku yangu haianzi. Mjini hapa sina ndugu mwingine.

Maneno bado ni ya kile kilichoanguka kutoka angani, porini Sitalike. Lori zima la watu lilikwenda kutazama. Wote wamerudi. Wanasema hawakuona kitu.

Jumatano, 10 Juni

Msiba kwa jirani. Watani wa marehemu walikuwepo, walewale wa lori. Nikangoja vituko. Nani atavaa koti la marehemu, nani atalala kaburini mpaka apewe hela ndipo atoke. Wapi! Wamekaa mstari mmoja, mikono magotini, kimya mpaka tumezika. Watu wamesifu, eti msiba wa heshima. Mimi nimerudi nyumbani bila kungoja chakula.

Ijumaa, 12 Juni

Nimemwita Mama Kulwa fisi. Ni mtani wangu, Mnyamwezi, mdomo wake hauna breki. Naye alipanda lile lori. Kasema, "Asante, dada." Tabasamu limekuja baadaye, limechelewa.

Jumapili, 14 Juni

Nimemweleza balozi wetu wa nyumba kumi. Kacheka mpaka machozi. "Kwa hiyo, mama, unashtaki kwamba hutukanwi?" Kweli, ulevi umepungua, ugomvi hakuna, hata ng'ombe hawaingii tena mashambani. Nani ataona ubaya hapo? Nimeondoka na hasira zangu. Kesho ana mkutano Sitalike.

Jumanne, 16 Juni

Balozi karudi. Hacheki tena. Anapita nyumba kwa nyumba na daftari, anauliza kwa upole nani bado wanataniana. Muuza pombe wa nyuma yetu kamtukana. Lori la Sitalike limemchukua.

Deusi yuko Kapalamsenga, ziwani, kafuata dagaa. Hajui lolote. Mungu wangu, asirudi na mdomo ule.

Alhamisi, 18 Juni

Karudi. Balozi alikuwa kasimama mbele ya gunia langu, daftari mkononi. Deusi kaja anacheka tangu mbali. "Mchawi wewe, bado hujafa?"

Jibu la sanda lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Nikasema, "Asante, shemeji. Habari za safari?"

Kicheko kikamkatika. Kanitazama mimi, katazama daftari. Alidhani nami nimeshageuzwa. Kapandishwa lori, hata hakubisha.

Niliogopa. Ningejibu tungekwenda wote wawili. Nimemwacha aende peke yake. Sina la kujitetea.

Jumapili, 21 Juni

Nimetoka kanisani, nimetandika gunia. Deusi kapita. Shati limepigwa pasi.

"Habari za asubuhi, shemeji."

Nikasema nzuri. Kataka kilo mbili. Nimempimia, nikamwongezea kidogo kama siku zote. Kashukuru, kaondoka.

Hakuna aliyenitukana leo.