Vicheko Thelathini na Nane

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na cherehani haikusumbui. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni ndiko kuna kinyongo.

Jumamosi, kwenye mchezo wetu wa kuchekesha, ulikaa safu ya tatu, kiti cha nne. Mimi huhesabu vicheko, ndiyo kazi yangu. Ukumbi ulicheka mara thelathini na nane. Wewe, Mama, hata mara moja. Nilipoanguka na kiti watu walivunjika mbavu, wewe ukageuka nyuma kama mtu anayetafuta mlango. Halafu pale nje nikakusikia ukimwambia jirani, "Haya, amecheza."

Kucheza! Anguko lile lina wiki sita na mazoezi mia mbili na kumi na moja. Kabla sijagusa sakafu nasita sekunde moja na nusu. Ikiwa moja, watu hawajajiandaa. Zikiwa mbili, wameshanihurumia. Hayo sikufundishwa na mtu. Kama kazi yangu inakutia aibu, sema, nisikuwekee kiti tena.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunapumua, pole kwa kinyongo. Anayeandika ni jirani, mimi nasema tu. Ukiona chumvi imezidi, ni yake. (Siongezi kitu. Jirani.)

Mwezi mzima nimetafuta pa kuanzia. Macho yangu yana ukungu tangu mwaka juzi. Pale jukwaani niliona mwanga na kitu cheusi kinapita, nikajua ndiye wewe. Mara kishindo, watu wakacheka. Niligeuka kumuuliza wa nyuma: ameumia? Mama gani atacheka akisikia mwanawe anagonga sakafu?

Sikukwambia kwa kuwa ungenikataza kushona. Na ungekuwa na haki: suruali ya mwalimu niliishona mifuko ikafunga kabisa. Alirudi funguo mkononi, hana pa kuzitia.

Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Nikamwambia, mimi nilizaa mmoja tu, huyu wa pili katoka wapi, na mbona anamziba kaka yake? Anataka kunipasua. Kisu na jicho? Sitaki.

Mama yako

16 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara tatu nililia. Ya nne, nilipofika kwa huyo mtoto wa pili, nilicheka hadi mwongozaji wetu akaninyang'anya karatasi aone kuna nini. Mimi nahangaika wiki sita kupata kicheko kimoja, wewe unakitoa umeketi kwa daktari, unaogopa kisu.

Nisamehe. Miezi kumi na minne sijakanyaga nyumbani, halafu nakudai kicheko.

Sasa tuseme kazi. Nimeuliza: upasuaji ni dakika ishirini, na unarudi kwako siku hiyo hiyo. Hofu naijua. Nimepanda jukwaani mara mia tatu na arobaini, na kila mara, kabla ya pazia, naikuta imenitangulia. Haijawahi kuniacha. Naingia nayo hivyo hivyo. Nawe ingia nayo. Jumatatu nakuja kukuchukua.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi. Tangu nipasuliwe naona, na huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Kama umepinda, umepinda tangu shule, usililaumu jicho.

Jana nilikuja bila kukuambia. Safu ya kwanza, kiti nilijitafutia. Nimekuona. Kumbe umeota mvi, wala hukusema. Nilicheka mara kumi na mbili. Nimehesabu, maana najua utauliza. Ulipopigana na lile koti lenye mkono mmoja nilijishika mbavu. Nani kalishona? Anajua kuharibu vizuri.

Lakini kwenye kiti sikucheka. Ulipoinuka ulitanguliza mguu wa kulia, ukaishika meza. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka. Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Goti la kushoto linakuuma, tena si la jana.

Usinijibu mambo ya sekunde. Mwambie mwongozaji kiti kinapumzika. Nimekuandikisha kwa daktari wa mifupa, Jumatano saa tatu asubuhi. Wewe ni wa saba kwenye foleni. Ukichelewa nitaingia mimi, nimwonyeshe unavyoanguka, tuone kama atacheka.

Mama yako