Injini Uliyoichagua kwa Meno

Nyumbani, Nyamira
Jumapili asubuhi

Kwa baba yangu mpendwa, Tata Nyangau,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Sisi ni wazima, na natumaini barua hii itakukuta mzima pia huko Kenyenya kwa dada Sheila, na kwamba lile goti halikusumbui sana wakati huu wa baridi. Huku mvua imetupenda. Majani ya chai yanachipua kuliko tunavyoweza kuchuma, na ile migomba ya nyuma ya choo uliyoniagiza niikate imetoa mikungu mitatu, kwa hiyo sikati.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Lakini simu huisikii tena, na hata nikimtumia Sheila ujumbe akusomee, unamjua Sheila: penye ukali atalainisha, penye kupoa atatia chumvi. Haya nataka uyasome mwenyewe, na miwani yako, polepole.

Habari kubwa ni kwamba gari letu lina injini tena. Ndilo lile lile la vipande tulivyovichukua kwa yule mtu wa Nakuru aliyechoka kuviunganisha, ambalo jirani yetu Ogeto bado analiita kibanda cha kuku. Tangu uondoke lilikaa miezi saba chini ya turubai, boneti wazi, na kuku wakataga humo kweli. Nilikuta mayai kumi na moja mahali pa betri. Ogeto sikumwambia.

Nilipotangaza kwamba natafuta injini, kila mtu alikuwa na yake kichwani. Ogeto alishauri ya bodaboda, kwamba ni nyepesi na vipuri vyake vimejaa kila duka. Nikamuuliza tutarudi nyuma vipi na injini isiyo na rivasi. Akasema kwani tukishafika tuendako, nyuma tunarudi kufanya nini. Naye Mose wa kinu cha mahindi alitaka nichukue dizeli ya pikapu yake iliyooza. Hiyo nilikwenda kuipima kwa kamba. Ilizidi nafasi yetu kwa upana wa kiganja, na uzito wake ungeliinamisha gari kama ng'ombe anayekunywa maji. Mwishowe nikafanya nilichojua tangu mwanzo kwamba nitafanya. Nilikwenda Kisii kwa Oketch wa vipuri, kutafuta aina ile ile uliyoichagua wewe mwaka jana, ile ndogo ya petroli, maana mauntini za kuishikilia tulizozichomelea pamoja zilikuwa bado zinaisubiri.

Oketch aliniwashia tatu, moja baada ya nyingine. Unakumbuka siku ile ulivyosimama hapo hapo, ukaweka ncha ya bisibisi juu ya kichwa cha injini na mpini ukaung'ata kwa meno, ukafumba macho? Watu wa vipuri walicheka mpaka wakashika matumbo. Ukawaambia kwamba masikio yamestaafu, lakini mifupa ya kichwa bado iko kazini. Nami nilifanya vivyo hivyo, Tata. Niliazima bisibisi ya Oketch, yenye ladha ya grisi, nikaing'ata mbele yao wote. Ya kwanza ilinitetemesha vibaya upande mmoja. Ya pili ilikuwa na kitu kinachogonga kwa mbali sana, ambacho masikio yangu mazima hayakukipata hata kidogo. Ya tatu ilikuja laini mpaka kwenye magego. Nikajua.

Kuifunga kulituchukua siku tatu. Tuliining'iniza kwa cheni kwenye tawi la mparachichi, na Ogeto, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyevuta cheni hiyo mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Giaboksi ilikataa kuingia mara nne. Nilikuwa karibu kuipiga nyundo, nikakumbuka ulivyonifundisha kwamba isipokubali hailazimishwi, mtu azungushe krenki, ule mhimili wa injini, kidogo kidogo. Nikamwita Mama. Alikuja na mikono yake yenye unga, akashika spana, akazungusha huku mimi nasukuma kwa bega, na ikaingia kwa sauti moja tamu. Mama akauliza kama ni hilo tu lililokuwa linatupigisha kelele siku nzima. Nilifurahi siku hiyo mpaka nikaona aibu, kwa sababu ilikuwa furaha yako na wewe hukuwepo.

Sasa Tata, nimezunguka vya kutosha.

Ile injini yetu ya zamani, iliyokufa, nilikuwa nimempelekea Oketch aichukue kama chuma chakavu. Aliifungua pale pale nikiwa nimesimama. Beringi zilikuwa zimeyeyuka, krenki nyeusi kama sufuria ya kuni. Akaigeuza mkononi, akaniambia kwamba hiyo ilikuwa moja ya injini bora zilizowahi kupita kwake, na kwamba Mzee hakukosea. Kisha akauliza oili ilikwenda wapi. Nikasema sijui. Nilimdanganya usoni mtu aliyekuwa akikusifu.

Najua ilikokwenda. Ijumaa ile, siku mbili kabla ya injini kunoki na kufa njiani, ulinituma nimwage oili ya zamani na kutia mpya, nawe ukaenda kuoga ujitayarishe kwa Sabato. Nilimwaga. Nikarudisha nati ya chini inayoziba oili kwa vidole tu, nikajaza oili mpya, nikawa natafuta spana ya kumi na saba ili niikaze. Mama akaita kwamba jua linazama na vyombo bado viko nje. Unajua ulivyo kuhusu chuma kushikwa baada ya jua la Ijumaa kuzama. Nikaiacha, nikijiambia nitaikaza Jumapili mapema. Jumapili mapema nilikwenda kuchuma chai, na nati ikanitoka kichwani kabisa.

Wewe ulifanya kila kitu sawa. Mama aliniambia ulivuta kijiti, ukapima oili, ukaikuta imejaa. Ukatoka. Nati ilianguka getini kwetu, na oili ikakufuata mpaka mlima wa kituo cha chai, ambako injini ilikufa mbele ya watu wote na magunia yao. Nilikuta nati kwenye majani nikirudi kutoka shambani, kabla sijasikia habari zako. Nilipoona mstari mweusi wa oili chini nilielewa yote mara moja. Na unajua nilifanya nini? Nilikwenda jikoni nikachukua majivu, nikaufunika kuanzia getini mpaka barabarani.

Uliporudi ukivutwa na trekta ulisema masikio yalikuwa yameshakudanganya, na sasa na meno pia. Ogeto akaeneza kwamba kiziwi alichagua injini. Nilikuwa nimesimama pale, Tata, na nati iko mfukoni mwangu. Ningesema, ungenigombeza siku moja, basi. Lakini nilinyamaza, nikakuacha ukusanye spana zako kwenye gunia, unikabidhi, na uende kwa Sheila kukaa kama mzee asiye na kazi. Hili ndilo linaloniuma kuliko injini yenyewe. Nisamehe.

Jana jioni, Sabato ilipokwisha, nilimwambia Mama. Alimaliza kumenya ndizi, akanawa mikono. Kisha akaniletea karatasi hii na kalamu, akasema nisimwonyeshe uso mpaka nimeijaza. Kwa Ogeto nitakwenda leo mchana, nimwambie mwenyewe ni nani aliyeua injini ile. Yeye ataliimba mpaka Krismasi, na aliimbe.

Nati nimeitia ndani ya bahasha, nimeifunga kwa kitambaa. Ukiifungua zitazame nyuzi za chuma chake, zile za kukazia: ni nzima zote, hakuna hata moja iliyoliwa. Wewe ni fundi, huhitaji nikueleze maana yake.

Injini mpya nimeikaza nati yake kwa spana, mara mbili, na sijaiwasha tangu ikae mahali pake. Sitaiwasha. Mama naye amesema hapandi kibanda cha kuku kwenda kanisani Nyanchwa dereva akiwa mimi.

Msalimie sana dada Sheila na shemeji, na watoto wote, uwaambie mama yao mdogo ana mayai ya kuwapa. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Drusilla

Tata, nimepekua lile gunia la spana ulilonikabidhi, nikatoa kila kitu chini, mpaka misumari. Kila chombo chako kimo, isipokuwa ile bisibisi ya mpini wa mti yenye alama za meno yako. Nadhani uliondoka nayo. Njoo nayo.