Watoto Watano, Ndege Moja, na Shangazi Asiyekataliwa

Mama Vasiti mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika. Nakuandikia kwa sababu kusema siwezi, na hata kama ningeweza hakuna wa kumwambia, maana nyumba nzima imeshakubaliana. Mimi ni msichana wa hapa kisiwani, Neiafu, nimemaliza shule mwaka huu, nimepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, Auckland, na nitakaa kwa kaka yangu Paea, na sikuwa na shida yoyote duniani mpaka Shangazi Lesieli, dada mkubwa wa baba, aliposikia kwamba nasafiri.

Alikuja akakaa kwenye kiti cha baba, kama anavyokaa siku zote, akasema, "Vizuri. Basi utawarudisha watoto wa Paea kwa mama yao." Hao ni Uaisele wa miaka sita na Fipe wa miaka mitatu, walioletwa likizo kwa bibi yao, yaani mama yangu, na kwa hao nilikubali kwa moyo, maana ni wangu. Kesho yake akarudi amembeba Sateki, mjukuu wake, ambaye hata kutambaa hajaanza. "Huyu hana uzito," akasema, "utampakata tu, mama yake atampokea hukohuko." Nikasema ndiyo. Jumapili baada ya ibada nikamsikia akimwambia mwalimu wa kwaya, mbele ya kwaya nzima, "Mapacha wako si wanatakiwa kwa babu yao Auckland? Mpe huyu awapeleke! Mtoto mpole, neno hapana halijui." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, Mama Vasiti.

Nilimwendea baba shambani. Akasimamisha jembe kati ya viazi vikuu vyake, akasema, "Dada yangu ameshasema," kisha akaendelea kulima. Nikamwendea mama, mama akaniambia, "Mwanangu, mimi nimeolewa tu hapa, wifi yangu nimwambie nini?"

Usidhani naogopa bure. Mwezi uliopita niliwapeleka Uaisele na Fipe Nukualofa, mji mkuu, kuhuisha pasipoti zao, kwa ile ndege ndogo ambayo abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo yake. Bibi alijua mzigo wetu umezidi, kwa hiyo akaupunguza kwa akili zake: alitoa viazi vikuu vya baba kwenye begi na kumfunga navyo Uaisele kiunoni, ndani ya mkeka wake wa heshima, ule tunaojifunga juu ya nguo, akamwambia atembee kama mchungaji. Bibi alisahau kwamba na Uaisele mwenyewe atapandishwa kwenye mizani. Mshale ulipokwenda mbali, yule kijana wa uwanja alimtazama mtoto, akatazama mizani, akaniuliza, "Dada, huyu anakula nini?" Uaisele akajibu, "Nimenenepa ghafla." Papo hapo mkeka ukalegea, kiazi cha kwanza kikadondoka, cha pili kikafuata, na watu wote kwenye foleni wakaanza kuviokota na kuniletea kwa heshima, kimoja kimoja, huku mimi natamani ardhi ipasuke. Ndani ya ndege Fipe alivua nguo zote kwa sababu alisikia joto, na Uaisele alimuuliza rubani kwa sauti kubwa kama ana leseni. Mimi nilifunga macho mpaka tukatua.

Hao walikuwa wawili tu, na safari fupi. Sasa ni watano na bahari yote ile, na mapacha wa mwalimu wa kwaya wanajulikana, mmoja anauma watu. Juzi nilipanga viti sebuleni ili tufanye mazoezi ya kukaa kama abiria. Uaisele alijifanya rubani akakataa kutua, akasema mafuta bado yapo, ikabidi bibi atuletee chakula "angani". Nimeanza kufikiria nisiende kabisa, hiyo nafasi ya chuo niiache, niseme naumwa. Kumkataa shangazi siwezi, wewe unajua, kwetu hakuna anayeweza kumkataa dada wa baba yake. Nifanye nini? Tafadhali usinitaje jina, hata kwa kifupi.

Mwenye Haya, Neiafu

*

Mwenye Haya, nimekusikia, na viazi vyako vimenichekesha mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Pole sana, mwanangu. Pole imeisha, sasa nikugombeze kidogo.

Unataka kuacha uuguzi kwa sababu ya watoto wa watu? Usinitajie tena jambo hilo. Utalala kitandani ujifanye mgonjwa, shangazi yako atakuja na mafuta ya kukukanda, atakukanda mpaka upone, na Jumamosi utapanda ndege na watoto hao hao watano na mgongo unauma. Na nani alikufundisha kucheka pale unapopaswa kusema "nitafikiri"? Nyumbani kwenu wamezoea kwamba ukicheka umekubali. Hilo ni kosa lako, si la shangazi.

Kumkataa, kweli, huwezi. Hata mimi nisingethubutu. Lakini umeniandikia kuhusu baba asiyeweza na mama asiyeweza, ukamsahau mtu mmoja: dada wa babu yako. Shangazi Lesieli naye ana shangazi! Kama bibi huyo yu hai, na hapa kwetu dada za babu hawana haraka ya kuondoka, nenda kwake kesho asubuhi. Mpelekee kitu cha mkononi, keti chini, na usimsengenye mtu. Mwambie tu, "Bibi, nimekuja uniombee safari." Akikuuliza amwombee nani na nani, wataje watoto kwa majina, polepole, na huyo anayeuma watu mtaje mwisho. Ninavyowajua wazee wetu, maombi hayatafika "amina" kabla hajaagiza Lesieli aitwe. Shangazi yako atakapofika, wewe uwe jikoni unaosha vikombe. Hujamkataa mtu. Umeombewa tu.

Sateki anaweza kumsubiri mama yake aje kumchukua mwenyewe. Mapacha wana baba mwenye sauti ya kuongoza kwaya nzima, basi na awaongoze hao wawili. Wewe utabaki na watoto wa kaka yako, na hao ni haki yako kuwapeleka.

Sasa sikiliza ya ndani ya ndege. Fipe mvalishe nguo nyepesi tangu nyumbani, na vifungo viwe mgongoni. Wakati wa kupaa na kutua wape kitu cha kutafuna au kunyonya, masikio yasiwaume. Uaisele akae dirishani, wewe katikati, ili akitaka kwenda kwa rubani apite kwako kwanza. Chakula chochote cha bibi kikae kwenye begi na ukitaje kwa maofisa wa forodha wa Auckland kabla hawajakuuliza. Hawana utani, nao hawajui kwamba bibi ni mcha Mungu. Maji yakimwagika, mwite mhudumu. Hiyo ndiyo kazi yake, hatakuuma. Utakapokuwa muuguzi utawaamsha watu wazima na kuwachoma sindano. Anza mazoezi kwa kuomba kitambaa.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalonishangaza kuliko viazi. Barua nzima unatetemeka kwa sababu ya dada wa baba yako, na wale watoto wawili ni wa kaka yako. Wewe kwao ni nani? Hebu fikiri. Hakuna haja ya kupiga kelele wala kufunga macho. Uaisele akianza visa vyake, inama mpaka usawa wa sikio lake, useme kwa sauti yako hiyo hiyo ndogo, "Shangazi yako amesema ukae." Kisha uone atakavyokaa.

Mama Vasiti